Gitaa la Muziki wa Dansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Nyimbo, Walimu na Vifaa

Wapenzi wa muziki wa dansi wanapokutana, mazungumzo huzunguka mambo matatu: wimbo upi unaupenda, nani alikufundisha kuusikiliza hivyo, na ungejaliwa fedha ungenunua kifaa gani. Maswali yafuatayo yametokana na mazungumzo ya namna hiyo, hasa ya watu wanaojifunza gitaa wakiwa tayari watu wazima, na anayejibu ni mpigaji wa ridhaa ambaye hajawahi kulipwa zaidi ya soda na nauli. Msimamo wa majibu yote ni mmoja, na afadhali usemwe mapema: kabla ya kuchagua gitaa la kununua, chagua kwanza ni nafasi gani unayotaka kukaa katika mazungumzo ya magitaa, kwa sababu mtu anayependa rithimu (gitaa la kusindikiza) akinunua vifaa vya solo (gitaa linaloongoza) atakuwa ametupa fedha zake.

Mnaposema muziki wa dansi, mnakusudia muziki upi hasa?

Tunakusudia muziki wa bendi za magitaa, tarumbeta, saksafoni, tumba na waimbaji kadhaa, unaoimbwa kwa Kiswahili na kuchezwa katika kumbi, ambao umekuwapo Tanzania Bara tangu miaka ya 1930. Bendi nyingi za zamani zilijiita Jazz, kama vile Morogoro Jazz na NUTA Jazz, lakini mgeni asidanganywe na jina hilo akategemea kusikia muziki wa jazi wa Marekani. Neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa tu, basi. Tunaingiza pia bendi zilizoanzishwa Nairobi na wanamuziki waliotoka Tanzania, kwa sababu mpaka wa nchi haukuwahi kuutenganisha muziki huu kikweli, na tunaingiza bendi za wanamuziki kutoka Zaire waliohamia Dar es Salaam, kama Orchestra Maquis, ambao walifika na rumba yao nasi tukaifanya yetu. Wengi leo huuita muziki huu zilipendwa. Jina ni zuri, ingawa baadhi ya wazee hawalipendi, wakisema kwamba linauzika muziki ambao wao bado wanaupiga kila Jumapili.

Nianze kusikiliza nyimbo zipi?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na kila anayeulizwa hutoa orodha ya nyimbo thelathini. Mimi hutoa nne, na humwomba mwulizaji akae na kila wimbo kwa wiki nzima kabla ya kwenda kwenye mwingine.

Wa kwanza ni “Sina Makosa” wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika. Usiusikilize kwa ajili ya mashairi, ambayo bila shaka unayajua hata kama hukuwahi kukusudia kuyajifunza, maana yameimbwa katika harusi na daladala zote. Usikilize kwa ajili ya gitaa la rithimu la Omar Shabani na besi ya Tom Malanga. Rithimu hurudia mzunguko mfupi bila kuchoka, na besi haiijazi nafasi yote bali huacha mapengo, nayo mapengo hayo ndiyo yanayomfanya msikilizaji aanze kutikisa bega kabla hajaamua kufanya hivyo. Ukitaka kujua kama umeusikiliza sawasawa, jaribu kuuimba mstari wa besi peke yake mwanzo hadi mwisho bila kuingiza sauti ya mwimbaji. Wengi hushindwa mara kumi za kwanza.

Wa pili ni “Shida” wa Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, na jambo hili linasikika: gitaa lake humjibu yeye mwenyewe, likimalizia sentensi ambayo sauti imeiacha njiani. Alizaliwa mwaka 1944 na akafariki katika ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa hajafikisha miaka 35, na wingi wa nyimbo alizokwisha kurekodi katika muda huo mfupi ni jambo la kushangaza.

Wa tatu ni “Neema” wa Mlimani Park, ulioimbwa na Cosmas Chidumule, kwa sababu hapo utasikia bendi kubwa ikiwa na nidhamu: upulizaji unaingia mahali pake na kutoka, na hakuna chombo kinachomkanyaga mwimbaji.

Wa nne hauna bendi kabisa. Ni “Masanga” wa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, gitaa moja kavu (lisilo la umeme) lililorekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikicheza juu, na asiyeambiwa huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, kwa hiyo hata maneno yake yatakupa kazi ya kupendeza.

Chemko ni nini?

Ni sehemu ya pili ya wimbo wa dansi, ile ambayo mashairi yamekwisha, mwendo umeongezeka, magitaa yametangulia mbele na wachezaji waliokuwa wamekaa wameinuka. Wakongo huiita sebene. Neno letu linatokana na kuchemka, na lina usahihi wake, kwa kuwa katika bendi nzuri mabadiliko hayaji kwa ghafla kama mtu aliyewasha taa, bali unayasikia yakipanda kidogo kidogo kama maji kwenye sufuria. Anayejifunza gitaa mara nyingi hukimbilia chemko na kuiruka sehemu ya kwanza. Hilo ni kosa, kwa sababu sehemu ya kwanza ndiyo inayofundisha kunyamaza.

Magitaa haya matatu au manne yanagawanaje kazi?

Katika bendi iliyokamilika utakuta solo, rithimu, besi, na mara nyingi gitaa la katikati ambalo kwetu huitwa solo ya pili, na Wakongo huliita mi-solo. Besi na tumba hushika ardhi. Rithimu hupiga kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja (si zile tunazolipa serikalini), aghalabu kwa kuzichambua uzi kwa uzi badala ya kuzipiga zote kwa mkupuo. Solo huimba. Solo ya pili hufanya kazi ngumu kuliko zote na yenye sifa ndogo kuliko zote: hurudia mstari mfupi unaopita katikati ya rithimu na solo, ukizijaza nafasi ambazo wenzake wameziacha, kiasi kwamba ikinyamaza kila mtu huhisi kuna kitu kimepungua ingawa hawezi kukitaja.

Mimi nililielewa jambo hili siku moja alasiri uani kwa mzee mmoja wa Magomeni aliyepiga rithimu kwenye bendi ya shirika la umma katika miaka ya 1980. Nilimpelekea gitaa langu nikijisifia kwamba nimeuweza wimbo fulani, nikampigia. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, “Mwanangu, umepiga magitaa yote matatu kwa pamoja, sasa wenzako watapiga nini?” Akalichukua gitaa, akalilaza juu ya paja, akauweka ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi karibu kabisa na daraja la gitaa (kipande kinachozishika nyuzi tumboni), mahali ambapo mimi sikuwahi kuugusisha mkono, na akapiga noti nne tu. Noti nne, zimezibwa nusu, fupi kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Akazirudia kwa muda wa dakika kumi hivi bila kubadili chochote, akiongea nami kuhusu bei ya mkaa wakati mkono wake unaendelea. Nilipojaribu kuingiza solo juu yake, nikagundua kwamba zile noti nne zilikuwa zimeniachia mlango mmoja tu wa kuingilia, na kila nilipoingia pengine nilisikika kama mtu aliyekosea nyumba.

Kwa hiyo mtu akiuliza ajifunze gitaa lipi kwanza, jibu langu ni rithimu, tena kwa mwaka mzima.

Muziki huu ulirithi nini kutoka wapi?

Kuna mikondo mitatu inayosikika waziwazi, na kuna wa nne ambao husahauliwa.

Mkondo wa kwanza ni Kuba. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za muziki wa Kuba, hasa zile za mfululizo wa GV wa kampuni ya HMV, ziliuzwa katika bandari na miji ya Afrika, na vijana wa Tanganyika wakazicheza kwenye gramafoni mpaka zikakwaruzika. Ushahidi umo katika jina la bendi ya Salum Abdallah wa Morogoro, Cuban Marimba, ambayo ilitamba hadi alipofariki mwaka 1965. Mkondo wa pili ni Kongo: African Jazz ya Grand Kallé, ambamo Nico Kasanda, aliyejulikana kama Docteur Nico, aliliimbisha gitaa la solo kwa namna ambayo kila mpiga solo wa Afrika Mashariki aliiga, akubali asikubali, na OK Jazz ya Franco, iliyoundwa mwaka 1956, ambayo mkono wake ulikuwa mzito zaidi na wenye kurudiarudia zaidi. Zamani vijana waligawanyika kwa jambo hili kama wanavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga. Mkondo wa tatu ni ule wa gitaa kavu wa Katanga, wa akina Mwenda na binamu yake Edouard Masengo, uliopita kwa wafanyakazi wa migodi na kwa redio hadi ukafika Kenya.

Wa nne ni ngoma zetu. Sikinde, jina ambalo Mlimani Park hutamba nalo, ni ngoma ya Wazaramo, na Msondo vilevile ni jina la ngoma kabla ya kuwa jina la bendi. Bendi kila mara zilitafuta mtindo wake wenye jina lake, na mara nyingi zililitafuta jina hilo kijijini, si Havana. Ukisikiliza tumba za chemko kwa makini utasikia kwamba Kuba imebaki kwenye upulizaji na kwenye mashati, ila miguu inachezwa kwa ngoma ya nyumbani.

Kwa upande wa Kenya ipo pia benga, ambayo magitaa yake yalizaliwa na nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyeitwa mfalme wake, alizaliwa upande wa Tanzania wa ziwa. Nimetaja benga kwa kupita tu, maana inastahili maswali yake yenyewe.

Nikipiga pamoja na rekodi ya zamani, gitaa langu halilingani nayo. Je, masikio yangu yana kasoro?

Hapana. Rekodi nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilifanywa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, bendi ikirekodiwa kwenye tepu, na kile ulichonacho leo kwenye simu huenda ni nakala ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Kila mashine ilizunguka kwa kasi yake. Mashine ikikimbia kidogo, wimbo mzima hupanda, na ikizubaa, hushuka, kwa hiyo wimbo unaweza kuangukia katikati ya noti mbili ambazo gitaa lako lililotyuniwa kwa hezi 440 haliwezi kuzifikia. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuutyuni uzi mmoja kwa kuufuatisha wimbo, kisha kutyuni nyingine kwa kuufuata huo uzi. Ya pili ni kutumia programu inayoweza kubadili kimo cha sauti bila kubadili mwendo. Programu hizo pia hupunguza mwendo bila kushusha sauti, jambo linalosaidia sana kuichambua solo ya haraka. Napendelea njia ya kwanza. Ni ya usumbufu, lakini inayafundisha masikio, na ndivyo walivyofanya wote tunaowaiga.

Wapigaji wa zamani walitumia vifaa gani hata wakapata sauti ile?

Anayeuliza swali hili hutegemea kutajiwa jina la gitaa na jina la amplifaya ili akavitafute. Jambo la kweli, na kwangu ndilo la kusisimua zaidi, ni kwamba wengi wao walipiga vifaa ambavyo havikuwa vyao.

Bendi kubwa za wakati ule zilimilikiwa na jumuiya, mashirika au wafanyabiashara. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na ikabadilika majina kadiri chama kilivyobadilika: JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Mlimani Park ilikuja kuwa chini ya DDC, yaani Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Polisi, jeshi na magereza nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliajiriwa na kulipwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, vikifungiwa stoo baada ya onesho. Mwanamuziki alipohama, na walihama mno, aliondoka na vidole vyake na kuliacha gitaa. Mwaka 1985 kundi zima la wanamuziki wa Mlimani Park, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, lilihamia Orchestra Safari Sound, na wapenzi wa muziki walilitambua haraka kundi hilo kwa masikio ingawa vyombo vilikuwa vingine kabisa.

Kupata vifaa vipya kulikuwa na ugumu wake. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukabaki hivyo hadi mwaka 1983. Amplifaya ikiharibika ilitengenezwa na fundi redio wa mtaani kwa vipuri vya redio, na spika iliyopasuka ilizibwa kwa karatasi na gundi. Sehemu ya ule ukavu na ukali wa sauti tunaoutamani leo ulitokana na spika zilizochoka. Simaanishi kwamba umaskini wa vifaa ulikuwa baraka. Mzee wangu wa Magomeni hukasirika akisikia mtu akisema hivyo, kwani yeye mwenyewe alitamani amplifaya nzuri kwa miaka ishirini.

Basi ninunue gitaa gani?

Kama unataka kupiga rithimu au solo ya pili, tafuta gitaa la umeme lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja, muundo wa Stratocaster au Telecaster, ambao umeigwa na makampuni mengi ya bei nafuu, kwa sababu pikapu hizo hutoa sauti nyembamba inayong’ara na kujitenga na besi. Kama unataka kupiga solo ya kuimba, unaweza kufikiria gitaa lenye pikapu nene zaidi, ingawa hata hapo koili moja haitakuangusha. Kabla ya kulipa, fanya mambo haya dukani bila haya: piga kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) na usikilize kama kuna mahali panapozizima au kukwaruza, lishike gitaa kama bunduki, uchungulie shingo kama imepinda, na uutikise waya mahali unapochomekwa. Gitaa la mtumba lililotunzwa huwa bora kuliko jipya la bei ya chini kabisa. Rangi isikusumbue.

Wanaoanza na gitaa kavu hawakosei. Watahitaji kapo tu (kibano cha kubana nyuzi shingoni), na wasipoipata wanaweza kufanya kama walivyofanya wapigaji wengi wa Kongo na Kenya zamani, yaani kuilaza penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa mpira. Inafanya kazi vizuri kuliko inavyoonekana.

Na amplifaya?

Unachohitaji ni sauti safi yenye nafasi, isiyokwaruza hata ukiipandisha, na mwangwi kidogo. Wengi wetu hutamani Fender Twin Reverb ya vali, au Roland JC-120, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1975 na ambayo sauti yake ya kutetema inaikaribia sana ile ya solo za Kikongo za miaka ya 1980. Zote mbili ni nzito na ghali. Kwa mtu anayepigia sebuleni, amplifaya ndogo ya wati kumi na tano yenye swichi ya sauti safi inatosha, na majirani watakushukuru.

Hapa ninalo onyo, nalo nimelilipia. Shemeji yangu aliyekuwa akiishi Japani aliniletea amplifaya ndogo nzuri ya mtumba, nami kwa furaha nikaichomeka ukutani kabla hata ya kumpa chai. Ilitoa mlio mmoja mnene wa kama sekunde mbili, taa yake ikang’ara kuliko kawaida, kisha nyumba ikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni volti 120, na wetu ni 230. Maandishi yote yalikuwapo nyuma ya kifaa, madogo lakini yanayosomeka. Fundi alibadilisha transfoma na ikaishi tena, ila kwa gharama iliyokaribia bei ya amplifaya mpya. Kwa hiyo kifaa chochote cha kutoka nje kisome mgongoni kwanza, na kama volti hazilingani, tumia transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo unaozidi wati za kifaa chako.

Nahitaji pedali (visanduku vya mguuni vya kubadili sauti) ngapi?

Moja, ya mwangwi, kama amplifaya yako haina. Ya pili inaweza kuwa ya kutetemesha sauti. Baada ya hapo unanunua vitu vya kuchezea, jambo ambalo si dhambi.

Nyuzi zangu zinapata kutu baada ya wiki mbili. Nifanye nini?

Unaishi pwani, bila shaka. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ina unyevu na chumvi, na jasho la vidole humalizia kazi. Nawa mikono na uikaushe kabla ya kupiga, futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na usiliache gitaa limetundikwa karibu na dirisha. Lifungie kwenye mkoba wake pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kuhusu unene, anza na seti ambayo uzi wake wa kwanza una inchi 0.010, nyembamba zaidi hukatika upesi, na nene zaidi huvitesa vidole vya mwanafunzi.

Mbona hamzungumzii taarabu?

Kwa sababu ni bahari nyingine, na udi, chombo chake cha nyuzi, haujifunzwi pembeni ya gitaa. Udi hauna freti, na nyuzi zake nyingi hukaa mbili mbili, hivyo kidole kikikosea kwa unene wa ukucha noti inapotea. Hata hivyo msikilizaji wa dansi atafaidika sana akitoka kidogo. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja, ilianzishwa mwaka 1905, na mwimbaji Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, miaka mingi kabla ya bendi zetu za dansi kufikiriwa na studio yoyote. Utunzi wa mashairi ya mafumbo unaosikika kwenye dansi, yaani mtu kulalamika mapenzi huku akimsema mwingine kabisa, una undugu wa karibu na taarabu. Anayetaka kujifunza udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa) au fidla kwa utaratibu anaweza kwenda Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichopo Mji Mkongwe tangu mwaka 2002.

Wimbo “Malaika” ni wa nani?

Swali hili limevunja urafiki. Aliyeurekodi na kutambuliwa kama mwenye wimbo ni Fadhili William wa Kenya, aliyefariki mwaka 2001, na waliousambaza duniani ni Miriam Makeba na Harry Belafonte. Wapo watu wengine waliodai kuutunga, na anayejulikana zaidi kati yao ni Adam Salim wa Tanzania. Kila upande una wazee wa kuapa kwa niaba yake. Mimi huupiga bila kutoa hukumu.

Je, naruhusiwa kupiga na kurekodi upya nyimbo za zamani?

Ukiwa nyumbani au uani kwa mzee, piga upendavyo. Ukitaka kurekodi na kuuza, au kupiga kwenye ukumbi unaotoza kiingilio, nyimbo hizi bado zina wenyewe: sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufariki kwake, na Kenya hali kadhalika hulinda miaka 50. Nenda kwenye ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa upande wa Tanzania, au KECOBO kwa upande wa Kenya, uulizie utaratibu. Zaidi ya sheria kuna adabu. Wajane na watoto wa watunzi wengi wapo mitaani kwetu, na kuwabishia hodi kabla ya kurekodi hakugharimu chochote.

Wewe unayejibu, unatamani kifaa gani?

Baadhi ya wapiga mi-solo wa Kongo huuondoa uzi wa nne na kuweka mahali pake uzi mwembamba kama wa kwanza, kisha huutyuni noti ileile ya re, lakini oktavu moja juu. Gitaa likishafungwa hivyo, kodi ya kawaida kabisa hugeuka na kutoa mlio wa kengele ambao mkono mmoja hauwezi kuupata kwa njia nyingine. Nimejaribu kwenye gitaa langu la pekee, na tangu hapo kila Jumapili huufunga uzi mwembamba na kila Jumatatu huurudisha ule mnene, kwa kuwa siku za kazi ninafanya mazoezi ya rithimu. Kile kipande cheupe kinachoshikilia nyuzi juu ya shingo kimeanza kulika upande mmoja, na uzi wa nne sasa unalia kama nzi chupani. Ninachotamani basi ni gitaa la pili, la mtumba, hata kama rangi imebabuka na mfuniko wa nyuma haupo, litakalokaa na uzi ule mwembamba moja kwa moja.